Mtandao Ulioponywa na Mvua

Asubuhi nilipoanza kazi ya mtandao, mlangoni pa chumba cha mitambo tulikuwepo hawa: Mzee Magesa, Fundi Mkuu, mtu wa Majita, funguo mkononi; Mama Sado, Mhasibu Mkuu, aliyenishika mkono na kunileta; Bwana Meneja wa Tawi, aliyetaka kuona kwa macho yake mfagiaji akihamishiwa kwenye mitambo; Masanja dereva, ambaye hakuwa na shughuli pale ila hakupenda jambo limpite; na mimi, Minza, bado nimevaa koti la bluu la usafi. Majina haya nimewapa mimi. Yale waliyopewa na wazazi wao nimeyaacha yalipo, na sababu itaeleweka.

Ofisi yetu ilikuwa ya kampuni ya kusafirisha mizigo ziwani, juu ya mteremko, madirisha yake yakitazama maji. Asubuhi nyingine ziwa lilikuwa jeupe kama maziwa, halina mwisho wala mwanzo, na meli zetu zilionekana kama zimetundikwa hewani. Siku nyingine wadudu wa ziwani walipanda juu ya maji kama moshi wa kijiji kinachoungua, kimya kabisa, halafu upepo ukawachukua. Nilifagia ofisi ile kwa miaka kabla sijaigusa kompyuta hata moja.

Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, mama alipomfuata baba kaburini. Nyuma yangu walikuwepo wadogo zangu, na wa mwisho ni mapacha, Kulwa na Doto. Niliuza dagaa Kisesa, nikafua nguo za watu Mkolani, kisha nikapata ufagio huu wa ofisini. Mama Sado ndiye aliyegundua kwamba kila nikipiga deki chumba cha mitambo namuuliza Mzee Magesa jina la kitu kimoja, na kesho yake sijalisahau. Msaidizi wa Mzee alipoacha kazi, Mama Sado akaenda kwa Meneja na kunisemea.

Meneja alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili. Akamwambia Mzee kwamba mtandao ukivunjika atatufukuza wote wawili.

"Bosi," alisema Mzee Magesa, "mtandao hauvunjiki kwa ufagio. Huyu angalau anajua kila waya unapita wapi. Ameupangusa vumbi."

Masanja akacheka peke yake. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Chumba cha mitambo kilikuwa na baridi na giza kidogo. Kulikuwa na seva, ile kompyuta kubwa inayotunza kazi za wengine wote, na swichi, sanduku bapa lenye matundu mengi ambako waya za ofisi nzima hukutana. Juu ya kila tundu kulikuwa na taa ndogo ya kijani inayopepesa. Nilipofunga mlango nilijiona niko juu ya ziwa usiku wa giza, karabai za wavuvi wa dagaa zimenizunguka pande zote. Hata leo, nikiwa nimestaafu, naziona nikifumba macho.

Mzee Magesa alinifundisha polepole, kama mtu anayemimina uji wa moto. Kila kompyuta kwenye mtandao, alisema, ina anwani, tarakimu zilizotenganishwa kwa nukta. Mtu anayeishi Mkolani unaweza kumwelekeza: panda kilima, pita duka la chumvi, uliza kwa mama muuza maandazi. Mashine haiulizi mama muuza maandazi. Inataka namba, na namba hiyo isiwe ya mwingine. Nikamwambia nyumbani nina Kulwa na Doto, wamezaliwa tumbo moja, sura moja, lakini hata mapacha hawapewi jina moja. Akasema hapo nimemaliza somo la wiki nzima. Kompyuta mbili zikipewa anwani moja, kila moja hulalamika, na ujumbe hupotea kama mgeni aliyeelekezwa nyumba mbili.

Anwani hizo hatukuzigawa kwa mkono. Kulikuwa na mgawaji ndani ya seva, mafundi tunamwita DHCP. Kompyuta ikiwashwa asubuhi hupiga kelele ndani ya waya: nani atanipa anwani? Mgawaji hujibu, chukua hii, ikae nawe kwa muda fulani, na lango la kutokea nje ni hili. Kompyuta ikiita na asijitokeze wa kuijibu, hujibatiza yenyewe, anwani inayoanza na 169, halafu inakaa pale inawaka, haizungumzi na mwenzake yeyote. Mashine kama hizo Mzee aliziita yatima. Aliposema hivyo mara ya kwanza alinitazama, akaomba radhi. Nilimwambia asijali, ni jina zuri, maana yatima naye anawaka.

Miaka ikapita hivyo. Nilijifunza kubana waya kwenye vichwa vyake, nyuzi nane kwa mpangilio wa rangi, mpaka vidole vikajua kuliko macho. Nilijifunza kufungua lile dirisha jeusi la kompyuta na kuandika amri ya kuitaka iseme anwani yake, kisha amri ya kuiita kompyuta nyingine na kusikiliza kama inaitika. Kulwa na Doto wakafika kidato cha tano, wakiwa wakubwa kuliko wenzao kwa sababu walichelewa kuanza. Nilikuwa nikirudi nyumbani Kiseke nawakuta wamelala juu ya vitabu, nami nawafunika.

Ndipo ukaja ule msimu wa hitilafu.

Ilianza asubuhi moja ya jua. Nusu ya kompyuta za ofisi hazikuiona seva. Hati za mizigo hazikuchapwa, na meli ya kwenda Ukerewe ikachelewa gatini ikiwa imejaa. Tulipofungua dirisha jeusi tulikuta anwani ngeni. Za kwetu zilianza na 10. Hizi zilianza na 192, na lango lake hatulijui. Mzee akasema neno moja tu: kuna mgawaji wa pili. Mahali fulani ndani ya jengo kulikuwa na kifaa kinachojibu ule mwito wa asubuhi, na mara nyingi kiliwahi kujibu kabla ya seva yetu.

Kukijua ni jambo moja, kukipata ni jingine. Njia ya kawaida ni kuchomoa waya mmoja mmoja kwenye swichi mpaka anwani ngeni zikome. Ukishaupata waya, unaufuata. Lakini Meneja hakutaka kusikia habari ya kuchomoa waya saa za kazi, na haki alikuwa nayo, maana hati zilikuwa zikichapwa kila dakika. Akaturuhusu jioni, watu wakishaondoka. Tukatafuta jioni baada ya jioni na hatukupata chochote. Jengo likibaki tupu, mtandao ulikuwa mzima, umetulia kama mtoto aliyenyonya. Kesho yake jua likichomoza, ugonjwa unarudi.

Siku za mvua tu ndizo zilizokuwa na nafuu. Mnaijua mvua ya kwetu: wingu jeusi linasimama kule kwenye maji, upepo unabadilika, harufu ya udongo inafika kabla ya tone, halafu radi inapasuka juu ya mawe. Ofisi nzima ilikuwa ikizima mashine kwa kuogopa radi. Mvua ikikata, watu wanawasha, na kila kompyuta inapata anwani sahihi. Kila mtu aliyewahi kutumia intaneti Mwanza anajua kwamba mvua huiharibu. Ya kwetu mvua iliiponya. Tukawa tunakaa madirishani tukilitazama ziwa kama wakulima.

Masanja alifurahia sana. Alimwambia Meneja mbele ya watu kwamba badala ya kuleta mafundi wa Dar aajiri mganga wa mvua kutoka kwao Magu, bei nafuu na hataki ofisi.

Meneja hakucheka. Makao makuu yalikuwa yameshamwandikia. Alituita wote wawili na kusema hitilafu isipokwisha mwezi huo, kitengo chetu kitafungwa na kazi itapewa kampuni ya nje. Nilishuka ngazi nikihesabu ada. Kulwa na Doto walikuwa wamebakiza mwaka mmoja.

Jioni ile Mzee Magesa alikaa juu ya sanduku la waya. Halafu akasema, "Masanja ametania, lakini mvua inafanya kitu kweli. Mvua ikija, watu wanachomoa. Wote wanarudisha mapema ila mmoja. Nani hachomeki tena mpaka kesho?"

Sikuhitaji kufikiri. Mtu aliyefagia chini ya meza za watu anajua tabia zao kuliko padri. Mmoja tu ofisini alichomoa kila kitu wingu likionekana, hata birika la chai, na kila jioni kabla ya kwenda nyumbani, kisha hakurudisha mpaka asubuhi iliyofuata. Alikuwa amewahi kuona radi ikiua ng'ombe wa baba yake.  Jibu lilikuwa jina la mtu aliyenishika mkono.

"Mama Sado," nilisema.

Mzee aliinamisha kichwa. Naye alikuwa akimpenda kama dada.

Juu ya kabati dogo pembeni mwa meza ya Mama kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua ya manjano pembezoni, na juu yake kikombe cha maua ya plastiki. Chini yake kulikuwa na kitu. Sote tulikuwa tumekiona. Nyumba gani ya kwetu haina kitambaa juu ya redio, juu ya televisheni, juu ya kochi? Ni heshima ya chombo na ya mwenye chombo. Hakuna mgeni anayenyanyua kitambaa cha mama wa watu ili aone kilichopo chini. Kwa hiyo tulitafuta ndani ya dari, tukatafuta nyuma ya makabati ya chuma, tukakipita kile kitambaa kila siku tukikisalimia.

Kesho yake palikuwa na jua kali, ziwa likimetameta mpaka ndani ya vyumba. Mzee alisimama nje kwenye korido. Mwanamume hangeweza kuifanya kazi hiyo. Niliingia peke yangu. Mama Sado alikuwa amefungua kompyuta yake ndogo ya kubebeka, ile ya nyumbani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unasimama kama umeleta posa?"

"Naomba kunyanyua kitambaa chako."

"Kinafunika redio."

"Redio ina waya wa mtandao, Mama."

  Hakunikataza, basi nikahamisha maua ya plastiki, nikanyanyua kitambaa, na pale palikuwa na ruta ndogo nyeusi ya nyumbani, kile kisanduku cha kusambaza intaneti, inapepesa taa zake kama kinda. Waya wa mtandao uliotoka kwenye tundu la printa iliyokufa ulikuwa umechomekwa kwenye tundu lisilo lake, na kutoka hapo ruta ile ilikuwa ikigawa anwani kwa ofisi nzima bila mtu kuituma.

"Mwanangu wa Kisesa ndiye aliyeniwekea," alisema. "Sikujua kama inasema na za wenzangu."

Aligeuza kompyuta nami nikaona. Kwenye skrini kulikuwa na mtoto wa kike amekaa kitandani, kofia ya sufu kichwani, ukuta wa hospitali nyuma yake. Alikuwa mjukuu wake, mgonjwa wa moyo, yuko Dar na mama yake kwa miezi mingi. Kila asubuhi kabla ya kazi Mama alimwona uso. Picha ilikuwa ikikatika na kurudi, mtoto akienda taratibu kama aliye chini ya maji.

"Bibi," mtoto aliuliza, "huyo shangazi ni nani?"

"Ni fundi," alisema Mama Sado.

Nilikuwa sijawahi kuitwa hivyo na mtu yeyote. Nilimpungia mkono. Naye akanipungia, na mkono wake ulifika kwangu ukiwa umechelewa.

Nilimwita Mzee Magesa. Alisalimiana na mtoto kwanza, akamuuliza kama amekunywa uji. Kisha akaomba dakika chache, akaingia ndani ya mipangilio ya ruta ile, akazima ugawaji wake wa anwani, akaipa anwani moja ya kudumu kutoka kwetu. Mtoto alipotea, akarudi. Mzee akamwambia Mama Sado kwamba ataendelea kumwona mjukuu wake, ila kisanduku hiki hakina mdomo tena. Akakitandika kitambaa juu yake mwenyewe, akanyoosha pembe zote nne.

Vijana wengi wangemaliza hadithi hapo, kwa sababu mashine zilipona. Lakini ofisini kwetu palikuwa na kanuni. Tangu virusi viingie kwa kifaa cha mtu, atakayechomeka chombo cha nyumbani kwenye mtandao alikuwa anafukuzwa, na haikujali cheo. Matibabu ya mtoto yule yalilipwa na bima ya kazi ya bibi yake. Mama akifukuzwa, bima inakwisha siku hiyo hiyo.

Meneja alituita kabla ya mchana. Alisema ameambiwa mtandao umepona na nje hakuna hata wingu. Ilikuwa nini?

"Wagawaji walikuwa wawili, bosi," alisema Mzee Magesa.

"Wa pili aliwekwa na nani?"

Nilifungua mdomo. Mzee akanitangulia.

"Mitambo yote iko chini yangu. Andika mimi."

 Meneja hakuwa mtu mbaya. Nadhani alijua kuna kitu, na nadhani alichoka. Akasema miezi yote hii Mzee alikuwa akitafuta kitu alichokiweka mwenyewe, na makao makuu watataka kuona hatua. Kitengo kingebaki. Mzee asingebaki, ila kwa kuwa kosa liliandikwa kuwa la mitambo na si la chombo cha nyumbani, hakufukuzwa. Akapelekwa ghala letu la pwani ya Mara, ambako kulikuwa na kompyuta moja tu, na mimi nikaambiwa nikae kwenye kiti chake.

Kwenye ngazi nilimshika shati. Nilimwambia narudi juu kusema kweli.

"Utasema nini?" alisema. "Wewe una Kulwa na Doto. Mama Sado ana yule mtoto. Mimi nina ziwa, na ziwa liko kila mahali. Niahidi."

Nikamwahidi. Alipoona nalia alinitania kwamba huko aendako ni raha, maana kompyuta moja haina wa kugombana naye anwani.

Kazi yangu baada ya hapo ilikuwa ndefu na nzuri. Nilikaimu, nikathibitishwa, nikapelekwa tawi la Bukoba, nikarudishwa Mwanza. Nilifanya kazi chini ya mameneja wengi, wengine wakali, wengine wa kusinzia. Waya zilipungua, intaneti ikaanza kupita hewani, na swichi mpya zikaweza kumzuia mgawaji mgeni zenyewe. Lakini nilifundisha vijana wangu wote jambo lile lile: angalia anwani kwanza, uliza lango ni lipi, weka alama kila waya, na chombo cha mtu kikifunikwa, mwombe mwenyewe akifunue. Walikuwa wakiniuliza kama ni kweli zamani palikuwa na fundi mmoja wa Majita aliyeshindwa na mtandao mpaka akahamishwa. Hadithi hiyo ilikuwa imeota mizizi pale ofisini, na kila mgeni alisimuliwa. Nilikuwa nawaambia warudi kazini.

Mtoto yule alipona. Amekuwa mwalimu, tena mrefu kuliko bibi yake. Mama Sado alistaafu kwa sherehe na keki, akaishi miaka mingi, na mwaka niliostaafu mimi tukamzika Kisesa. Mjukuu ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Alisema bibi yake alifanya kazi maisha yake yote bila doa hata moja, na watu wakaitikia. Nami niliitikia, kwa sababu naamini hivyo.

Baada ya mazishi nilisafiri kwenda pwani ya Mara. Nilimkuta Mzee Magesa ana kibanda cha kuchajia simu kwa umeme wa jua, hatua chache kutoka majini, waya zote zimenyooka na kila moja ina alama yake. Macho yamefifia. Alinitambua kwa salamu.

"Marahaba," alisema. "Umezeeka, Minza. Sauti imekuwa ya mama yako mzazi ambaye sikumwona."

Tulikaa tukilitazama ziwa, ambalo siku ile halikuwa na rangi yoyote. Nilimsimulia mazishi. Kisha nikamwambia nilichokuja kuomba: Mama amepumzika, ahadi imefika mwisho, sasa nataka niende ofisini na kwa watu wote niseme kilichotokea, ili jina lake yeye Mzee lisafike.

 Aliuliza kama ni kweli yule mtoto ndiye aliyesoma wasifu. Nikasema ndiye.

"Alisema hakuna doa?"

"Alisema."

"Basi unataka nani asimame pale kaburini afute maneno yake?"

 Alinipa kiti kilichokuwa kivulini, akaenda kumpa mteja simu yake.

Kulwa sasa ni mhandisi wa maji na Doto ni muuguzi. Walisoma kwa mshahara wa kiti ambacho hakikuwa changu. Nimewaambia habari hii, na Doto huenda pwani kila likizo kumpima Mzee macho na presha, naye hupokea hayo kwa furaha, lakini Mzee na mimi tunajua kwamba hayo ni shukrani ya Doto. Deni langu ni jingine. Ofisini bado wanasimulia habari ya yule fundi aliyeshindwa, na mbali na Mzee mwenyewe, mimi ndiye pekee niliyebaki ninayeweza kuwanyamazisha. Nimeandika kurasa hizi zote, na jina lake la kweli bado sijaliandika.